Nyonga imeporomoka nikiwa na miaka 34: nisubiri hadi nifike 50?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Kisauni na nasomesha watoto wa chekechea. Nina selimundu (sickle cell) tangu utotoni. Nyonga ya kulia inaniuma mwaka wa tatu sasa, na eksirei ya mwezi uliopita imeonyesha kichwa cha mfupa wa paja kimeporomoka. Daktari mmoja amesema nibadilishwe nyonga. Mwingine, mtu mzima wa siku nyingi katika kazi hiyo, amesema mimi bado mdogo, nivumilie hadi nifike 50, kwani kiungo cha bandia kitaisha kabla yangu. Mamamkwe anataka niende kwa mkandaji. Nina mtoto mmoja na natamani wa pili. Je, nisubiri? Kitadumu miaka mingapi? Nitaweza kuzaa, kusujudu, na kutumia choo chetu cha kuchuchumaa? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Kama picha inasema hivyo ulivyoieleza, sioni utakachovuna kwa kusubiri miaka 16. Simaanishi ukimbilie chumba cha upasuaji wiki ijayo. Ninachosema ni kwamba umri wako unadai upasuaji upangwe kwa makini kuliko wa mzee wa miaka 75, kwa sababu wako huenda siku moja ukarudiwa, na yule wa kwanza atakayekupasua anatakiwa afanye kazi yake akimfikiria wa pili.

Nikueleze kwanza kilichotokea ndani, maana madaktari wako wawili wanaiona picha ileile na kila mmoja anasoma kitu tofauti. Kichwa cha mfupa wa paja ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe cha nyonga. Damu inayokilisha hupanda kwa mishipa michache, tena myembamba, inayolipanda shingo la mfupa. Kwa mtu mwenye selimundu, chembe za damu zilizopinda huziba mishipa hiyo, na sehemu ya mfupa hufa kwa kukosa damu. Mfupa uliokufa hauvunjiki siku hiyo. Unaweza kukaa miezi, hata miaka, umbo lake likiwa zima, na eksirei ya wakati huo hutoka safi. MRI, ile picha ya sumaku, ndiyo inayouona. Ni kama ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ulioliwa na unyevu kwa ndani: nje umesimama, mpaka siku uzito unapouzidi. Mfupa ulio chini ya gegedu unapasuka, tufe linabonyea, na tangu hapo kila hatua ni kitu kisicho cha duara kinachosaga kikombe cha duara.

Pwani yetu, sawa na Nyanza na Magharibi, ina watu wengi wenye selimundu kwa sababu malaria imekaa hapa karne nyingi, na mwenye chembe moja ya urithi huo alipata kinga fulani dhidi yake. Ndiyo maana katika kliniki za Mombasa nyonga iliyokufa haishangazi kuonekana kwa kijana. Sababu nyingine zipo: vidonge au sindano za steroidi kwa muda mrefu, pombe nyingi, nyonga iliyochomoka kwenye ajali, magonjwa ya nyonga ya utotoni, kifua kikuu cha mfupa. Wengi hupoteza mwaka mzima wakitibiwa goti, kwa kuwa maumivu ya nyonga huanzia kinenani na kushuka mbele ya paja hadi gotini. Wewe angalau ulipigwa picha mahali penyewe.

Kama tufe lingekuwa bado halijabonyea, tungezungumza habari ya kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani na kujaribu kuliokoa. Likishaporomoka, kutoboa hakulirudishi umbo lake. Ukiambiwa ulipie upasuaji huo sasa, uliza swali hilo waziwazi.

Sasa daktari wako mtu mzima. Usimdharau, alichokuambia kilikuwa ushauri mwema kwa miaka mingi. John Charnley, mpasuaji Mwingereza aliyeiweka nyonga ya bandia katika sura tunayoijua leo kule Wrightington, alianza na vikombe vya Teflon na vikaisha ndani ya miaka michache. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu ya polithilini, ikafaulu. Lakini hata plastiki ile ilikuwa ikitoa unga mdogo sana kila tufe la chuma lilipozunguka. Mwili huuona unga huo kuwa adui, chembe za kinga huja kuula, na katika vita hivyo mfupa unaozunguka kiungo unayeyuka taratibu. Kiungo kinalegea. Mzee anayetembea kutoka chumbani hadi barazani alikuwa akitoa unga kidogo; kijana anayepanda ngazi, kubeba mizigo na kusimama kutwa alikuwa akiutoa kwa wingi. Hapo ndipo ilipotoka ile kauli ya "ngoja uzeeke".

Kilichobadilika ni plastiki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 tunatumia polithilini iliyotibiwa kwa mionzi ili nyuzi zake zishikane zaidi, na kuisha kwake kumepungua sana kuliko ya zamani. Tufe nalo siku hizi linaweza kuwa la seramiki, ambalo uso wake unateleza zaidi juu ya plastiki kuliko chuma. Kulikuwa pia na mtindo wa tufe la chuma ndani ya kikombe cha chuma, uliotangazwa sana kwa vijana. Ulileta madhara ya chembe za chuma katika nyama na damu, na aina moja iliyojulikana sana ikaondolewa sokoni duniani kote mwaka 2010. Mwanamke anayetaka kuzaa hana sababu ya kuwekewa chuma kwa chuma. Likitajwa, kataa.

Kitadumu miaka mingapi? Hesabu nzuri niliyo nayo ni ya watafiti wa Bristol, iliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019, iliyokusanya rekodi za wagonjwa waliofuatiliwa muda mrefu: katika kila nyonga 100, kama 58 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Usiichukue hesabu hiyo ukaipachika kwako moja kwa moja, kwa pande zote mbili. Wengi wa wale walikuwa wazee, na kijana hukichosha kiungo haraka zaidi. Tena selimundu ina hatari zake za maambukizi. Kwa upande mwingine, kiungo kilichotimiza miaka 25 wakati wa uchunguzi ule kilikuwa cha plastiki ya zamani. Mimi nikikaa na mtu wa umri wako humwambia hivi: tarajia kurudiwa mara moja maishani, na ukipita bila kurudiwa, mshukuru Mungu.

Kurudia si jambo dogo. Kidude cha zamani lazima kitolewe, na kikitoka hutoka na mfupa. Upasuaji ni mrefu zaidi, damu ni nyingi zaidi, maambukizi hutokea kwa urahisi zaidi na gharama hupanda. Hilo lisikufiche kitu kimoja: kusubiri nako kuna bei, ila hakuna anayekuandikia risiti yake.

Tazama mwili wa mtu aliyechechemea miaka mitano. Misuli ya makalio upande mbovu imesinyaa, na misuli iliyokufa njaa hairudi yote hata nyonga ikiwa mpya. Mguu umefupika. Kiuno kinauma kwa sababu kinalipa deni la nyonga. Nyonga nzima inabeba uzito wa mbili, na kwako wewe hata hiyo nyingine si ya kuaminiwa sana. Halafu kuna dawa. Nina hakika unapita duka la dawa pale steji na kununua diklofenaki au ibuprofeni, na siku ikizidi unachomwa sindano. Selimundu peke yake hushambulia figo. Dawa hizo zikiliwa kila siku huziongezea mzigo. Kuokoa kiungo cha bandia kisichowekwa bado, huku ukipoteza figo, ni hesabu ambayo siwezi kuitetea.

Kwa hiyo siamui kwa umri. Nauliza: maumivu yanakuamsha usiku? Unaweza kutoka steji hadi shuleni bila kusimama njiani? Unavaa kiatu cha kulia mwenyewe, au mtoto anakusaidia? Unakula dawa ya maumivu kila siku? Ukijibu vibaya maswali mengi kati ya haya, na picha inaonyesha tufe limebonyea, wakati wako umefika. Ukijibu kwamba unaumwa siku moja katika wiki na kazi unaifanya, basi kusubiri mwaka au miwili hakukudhuru, mradi upigwe picha tena kila baada ya muda. Katika kungoja huko tumia mkongojo, na ushike kwa mkono wa kushoto. Watu karibu wote huushika upande unaouma. Nyonga mbovu ikiwa ya kulia, fimbo mkono wa kushoto, itangulie pamoja na mguu wa kulia. Hapo inapunguza kweli mzigo unaoikandamiza nyonga. Dawa yako iwe parasetamoli kwanza, na kali zaidi aziandike daktari anayeijua hali ya figo zako.

Upasuaji wenyewe kwa mtu wa selimundu ni habari nyingine kabisa na wa mtu asiye nayo, na hapa ndipo ningependa uwe mkali kidogo na madaktari wako. Uboho wako, ule ute wa ndani ya mfupa, umekosa damu mara nyingi. Badala ya njia laini ndani ya mfupa wa paja, mpasuaji anaweza kukuta mfupa mgumu uliojaa na njia nyembamba. Akipiga nyundo kama alivyozoea kwa wazee, paja linapasuka. Anahitaji picha nzuri kabla, mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na viungo vya saizi ndogo viwe vimeagizwa na vimefika, visiwe "vinakuja kesho". Kwa mtu wa miaka yako wengi hupendelea kiungo kisichotumia saruji, ambacho uso wake una vinyweleo ili mfupa wako uote ndani yake. Muulize: umewahi kuwapasua nyonga wagonjwa wa selimundu? Mara ngapi? Mpasuaji mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Damu nayo. Kabla ya kupasuliwa, daktari wa damu na wa dawa ya usingizi wakutane juu ya faili lako. Mara nyingi himoglobini hupandishwa hadi karibu 10 kwa kuongezewa damu, na isivushwe sana hapo, kwa kuwa damu nzito nayo huziba. Kama umewahi kuongezewa damu mara nyingi, mwili wako huenda umeshatengeneza kinga dhidi ya damu za watu. Kuitafuta damu inayokukubali kunaweza kuchukua siku, kwa hiyo maabara iambiwe mapema na jamaa waanze kuchangia mapema. Kufunga kula kabla ya upasuaji kusikukaushe: dripu ianze kabla. Usipigwe baridi, maana baridi huamsha maumivu yako unavyoyajua. Baada ya upasuaji utapewa zoezi la kuvuta pumzi ndefu kila saa. Litakuchosha, na utaliona la kipuuzi. Lifanye. Kifua ndicho kinachotutisha zaidi kwa wagonjwa wa selimundu siku zile za mwanzo. Homa, kukohoa au kifua kubana kisemwe pale pale, hata kama ni saa nane za usiku na nesi amechoka.

Meno yaliyooza, kidonda cha mguuni kisichopona, mkojo unaochoma: vyote vitibiwe kabla. Vijidudu vilivyo katika damu hupenda kwenda kukaa kwenye kitu kigeni, na nyonga iliyoingiwa na usaha ndiyo balaa kubwa katika kazi hii yote.

Kuhusu mahali na fedha nitasema kwa kifupi. Kliniki ya mifupa ya Coast General, pale Makadara, ni mahali pazuri pa kuanzia, na kisiwani zipo hospitali za kibinafsi zenye wapasuaji wa mifupa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Nenda ofisi yao ya hospitali ukiwa na barua ya daktari, omba idhini kabla ya tarehe kupangwa, na uombe jibu kwa maandishi: wanalipa kiasi gani, na je, kiungo chenyewe kimo ndani ya bei au unakinunua wewe? Hapo ndipo watu wengi hushtukia. Watakuwepo wa kukuambia uende India, na watu wa Mombasa wanakwenda na wanarudi wakitembea. Sina ugomvi na hilo. Ila fikiria safari ndefu ya ndege ukiwa na kidonda kibichi, hatari ya damu kuganda mguuni, hewa nyembamba ya ndegeni kwa mtu wa selimundu, na nani atakuangalia ukipata homa wiki ya tatu ukiwa Kisauni. Ukienda, upange kukaa huko hadi daktari wao aseme kwa maandishi kwamba unaweza kuruka, na uwe na daktari huku aliyekubali kukupokea.

Popote utakapopasuliwa, dai jambo moja. Kila kipande cha kiungo huja na kibandiko chenye jina la kampuni, saizi na namba ya toleo. Vibandiko hivyo hubandikwa kwenye faili, na faili hupotea. Omba nakala, vipige picha kwa simu, mtumie mumeo na dada yako. Atakayekurudia upasuaji ukiwa na miaka 60 huenda akahitaji kubadilisha plastiki tu na kuuacha ule mpini wa kiungo uliomo ndani ya mfupa wa paja. Akijua ni wa aina gani, ataagiza kinachoingiliana nao. Asipojua, huenda akalazimika kuung'oa wote.

Nyumbani, tayarisha kabla hujalazwa. Choo cha kuchuchumaa hutakitumia miezi ile ya mwanzo, hilo halina mjadala. Ukichuchumaa goti linapanda juu ya kiuno, na nyonga mpya iliyopasuliwa kwa nyuma inaweza kuchomoka. Nunua kile kiti cha plastiki au cha chuma chenye tundu, kiwekwe juu ya shimo, kiwe kirefu cha kutosha ili ukiketi magoti yawe chini ya nyonga. Ndoo na kopo viwe juu ya stuli, usiviinamie. Godoro la chini na mkeka viwekwe kando. Kitanda kiwe cha juu, na ukilala kwa ubavu mto ukae katikati ya magoti. Usikunje nne. Usiuzungushe mguu kwa ndani. Sheria hizi huwa kali kwa wiki 6 hadi 12 hivi, halafu hulegezwa na mpasuaji wako kulingana na njia aliyopitia na ukubwa wa tufe alilokuwekea. Baada ya hapo wapo wanaorudi kuchuchumaa. Mimi ukiniuliza, kama mnaweza kujenga choo cha kukalia, jengeni. Fedha hizo hazijapotea.

Siku ya kurudi nyumbani usipande tuktuk. Kiti chake ni cha chini mno. Chukua teksi, kiti cha mbele kirudishwe nyuma kabisa na kilazwe kidogo, utandike mfuko wa plastiki juu yake. Geuka, tanguliza makalio, teleza, kisha ingiza miguu. Bodaboda isahau kwa miezi kadhaa, na baada ya hapo iogope kama unavyopaswa kuiogopa hata sasa. Darasani unaweza kurudi baada ya miezi miwili au mitatu mambo yakienda vizuri, lakini vile viti vidogo vya watoto usivikalie, na usimwinue mtoto anayelia kutoka sakafuni. Aje yeye kwako.

Kuhusu kusujudu: miezi ya mwanzo sali ukiwa juu ya kiti, uiname kadiri daktari alivyokuruhusu. Ruhusa ya mgonjwa kusali ameketi inajulikana, na sheikh wa mtaani kwenu atakueleza vizuri kunishinda. Baadaye wengi hurudi kusujudu, lakini wengine nyonga haikubali kikao cha tahiyatu bila kuvutika. Mwonyeshe mtu wa fizio mkao wenyewe, chini pale kwenye mkeka wa kliniki, akutazame unavyoshuka na kuinuka. Usimwelezee kwa maneno tu. Huenda hajui ni mkunjo wa kiasi gani.

Mtoto wa pili. Nyonga ya bandia haizuii mimba wala haizuii kuzaa kwa njia ya kawaida. Ningependa upite mwaka mmoja baada ya upasuaji, misuli iwe imerudi na damu yako imetulia. Mkunga ajue una nyonga ya bandia, mguu usivutwe wala kukunjwa kupita kiasi. Kitakachoangaliwa zaidi ni selimundu yenyewe, kwa sababu mimba kwako ina hatari zake, nyonga au bila nyonga. Uwe kliniki ya hospitali kubwa tangu miezi ya mwanzo. Ikiwa unatumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, zungumza na daktari wa damu kabla ya kushika mimba, si baada. Usiiache kimyakimya pia. Na mumeo apimwe damu kama hajapimwa, mjue mtoto anaweza kurithi nini. Tendo la ndoa, kwa kuwa najua hukuandika lakini umelifikiria: kwa kawaida wiki 6 hivi, wewe ukilala chali, bila kuukunja mguu sana. Uliza kliniki bila haya; tunaulizwa kila wiki.

Mamamkwe mheshimu, na umwambie hivi: kukandwa mgongo na mabega hakuna ubaya, lakini hakuna mkono unaoweza kuurudishia damu mfupa uliokwisha kufa. Baada ya upasuaji mguu usikandwe kabisa. Kukiwa na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, kukanda kunaweza kuisukuma hadi mapafuni, na hilo linaua. Ndiyo maana utapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mwezi hivi, imalize. Chuku na chale zisikaribie nyonga hiyo maisha yako yote, wala sindano ya duka la dawa isichomwe kwenye kalio hilo.

Kuna jambo hukuliuliza nami nalitaka zaidi ya yote uliyouliza: nyonga ya kushoto. Katika selimundu mara nyingi zote mbili hushikwa, moja ikitangulia. Ile ya kushoto huenda mfupa wake umeanza kufa lakini haujaporomoka, na huo ndio wakati ambao bado kuna kitu cha kujaribu kuliokoa tufe. Eksirei uliyo nayo haitoshi kusema. Ukirudi kliniki, omba MRI ya nyonga zote mbili kwa pamoja, na ubebe pia karatasi zako za damu, majina ya dawa zote unazokula hata zile za steji, na tarehe za mara ulizoongezewa damu. Mwambie daktari ayasome hayo kabla hajakupangia siku.